Je, Wajua? Hesabu za Kampuni Zinapovuka Mpaka

Kampuni ya Nairobi ikifungua tawi Arusha, Kampala au Lubumbashi, watu huhangaikia kwanza ofisi, leseni na magari. Programu ya uhasibu hukumbukwa mwishoni, tena kwa amri fupi ya simu kutoka makao makuu: "Wawekeeni hii hii tunayotumia huku." Baada ya muda mhasibu wa tawi anakesha na Excel, na mfumo uliolipiwa kwa dola umebaki pambo. Kabla hayajakukuta, pitia haya.

SARAFU

1. Je, wajua kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki ina nchi nane na sarafu nane? Somalia ndiyo iliyoingia mwisho, mwaka 2024. Itifaki ya Umoja wa Fedha ilitiwa saini Kampala tarehe 30 Novemba 2013 kwa matumaini ya kupata sarafu moja ifikapo 2024. Mwaka huo umepita na lengo limesogezwa hadi 2031. Kwa sasa, kampuni yenye matawi Jumuiya nzima inahitaji mfumo unaobeba sarafu zote nane, na dola ya Marekani juu yake.

2. Je, wajua kwamba babu zetu hawakuwa na taabu hiyo? Kuanzia 1921 hadi 1966, Kenya, Uganda na Tanganyika zilitumia shilingi moja ya Afrika Mashariki, na Zanzibar ikajiunga nayo mwaka 1936. Mfanyabiashara wa Mwanza aliyemuuzia mwenzake wa Kisumu hakuhitaji safu ya kiwango cha ubadilishaji kwenye daftari lake. Mwaka 1966 kila nchi ikatoa shilingi yake, na safu hiyo ikazaliwa.

3. Je, wajua kwamba mwambao ulishaonja uhamishaji wa data kabla ya kompyuta? Katika Afrika Mashariki ya Wajerumani, rupia moja iligawanywa katika pesa 64 hadi mwaka 1904, ilipogeuzwa kuwa heller 100. Karani aliyekuwa na madeni ya zamani kwa pesa na malipo mapya kwa heller ilibidi abadilishe hesabu zake kwa mkono, mstari baada ya mstari.

4. Je, wajua kwamba si kila sarafu ina tarakimu mbili baada ya nukta? Orodha ya kimataifa ya sarafu, ISO 4217, inazipa shilingi za Kenya na Tanzania tarakimu mbili. Shilingi ya Uganda na faranga za Rwanda na Burundi hazina hata moja. Rial ya Oman ina tatu, kwa kuwa rial moja ni baisa 1,000. Dinari za Kuwait na Bahrain nazo zina tatu. Ankara ya Muscat iliyoandikwa 125.500 ni rial mia moja ishirini na tano na nusu. Mfumo ukiisoma kuwa 125,500, mwagizaji wa Dar es Salaam anadaiwa mara elfu moja ya deni lake.

5. Je, wajua kwamba sarafu inaweza kubadilisha jina lake la kwenye kompyuta usiku mmoja? Tarehe 1 Januari 2013 Zambia ilifuta sifuri tatu kwenye kwacha, na msimbo wake ukahama kutoka ZMK kwenda ZMW. Kwa kampuni ya malori inayopitia Tunduma, hizo ni sarafu mbili tofauti. Ukiziweka kwenye akaunti moja, ripoti itakuambia dizeli imeshuka bei mara elfu.

6. Je, wajua kwamba Ulaya iliwahi kutunga sheria ya jinsi ya kukadiria desimali? Yuro ilipoanza kutumika kwenye vitabu tarehe 1 Januari 1999, ilikatazwa kubadilisha faranga ya Ufaransa kwenda mark ya Ujerumani moja kwa moja. Ilibidi upitie yuro. Viwango vyenyewe havikuruhusiwa kufupishwa: yuro 1 ilikuwa mark 1.95583, si 1.96. Programu isiyojua kanuni hiyo ilikuwa inavunja sheria kila ilipozidisha.

7. Je, wajua kwamba unaweza kupata faida na hasara kwenye ankara moja ambayo mteja kailipa yote? Tuseme kampuni ya Mombasa imemuuzia mteja wa Arusha bidhaa za shilingi za Tanzania 20,000,000, siku ambayo shilingi moja ya Kenya ni 20 za Tanzania. Mombasa inaandika deni la shilingi za Kenya 1,000,000. Mwisho wa mwezi kiwango ni 19. Deni lile lile sasa ni 1,052,631.58, na mfumo unaandika faida ya 52,631.58 ambayo hakuna aliyeishika mkononi. Mwezi unaofuata mteja analipa, kiwango kikiwa 20.50, na zinaingia 975,609.76. Faida ya karatasini imeyeyuka, na hasara halisi ni 24,390.24. Mteja hajapunguza hata senti. Mfumo mzuri huweka faida ya karatasini na ile iliyopatikana kweli kwenye akaunti mbili tofauti, kwa sababu sheria ya kodi ya mapato ya Kenya hutazama ile iliyopatikana kweli.

8. Je, wajua kwamba kampuni haijichagulii sarafu ya hesabu kwa mapenzi? Kiwango cha kimataifa cha uhasibu IAS 21 kinaitaka itumie sarafu ya mazingira inakofanyia biashara yake kuu, kisha itafsiri hesabu kwenda sarafu ya kampuni mama. Kongo jambo hili lina utamu wake: Lubumbashi na Goma biashara nyingi huzungumzwa kwa dola, lakini sheria inataka vitabu viwe kwa faranga ya Kongo. Mfumo usioweza kutunza leja mbili sambamba hauna kazi huko.

9. Je, wajua kwamba mfumuko wa bei ukizidi, hata hesabu za mwaka jana hubadilishwa? IAS 29 huanza kufanya kazi pale mfumuko wa miaka mitatu ukijumlishwa unapokaribia au kuvuka asilimia 100. Hapo mali, mitaji na mapato huandikwa upya kwa thamani ya leo. Wahasibu wa Zimbabwe wanaijua kanuni hii bila kufungua kitabu.

10. Je, wajua kwamba kampuni inaweza kupata pigo bila kuuza wala kununua chochote? Tarehe 29 Julai 2024 Ethiopia iliiachia birr ijipatie thamani sokoni. Dola iliyokuwa takriban birr 57 ilivuka birr 100 ndani ya wiki chache. Safaricom, iliyokuwa imezindua mtandao wake huko Oktoba 2022, ililazimika kuonyesha pigo hilo kwenye hesabu za kundi zinazosomwa Nairobi.

KALENDA NA SAA

11. Je, wajua kwamba mwaka wa hesabu hauanzi siku moja kila mahali? Mwaka wa kodi Uganda huanza Julai na kuisha Juni. Tanzania na Rwanda hufuata Januari hadi Desemba. India huanza Aprili 1. Uingereza, mwaka wa kodi wa mtu binafsi huanza Aprili 6, masalia ya kalenda iliyorukishwa siku 11 mwaka 1752. Ethiopia huanza Hamle 1, ambayo kwetu ni Julai 8, na kalenda yao ina miezi 13. Mwambie muuzaji wa programu akuonyeshe mwezi wa kumi na tatu, umtazame usoni.

12. Je, wajua kwamba mauzo yaliyofanyika dakika moja yanaweza kuangukia miezi miwili? Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo ziko saa moja nyuma ya Tanzania, Kenya na Uganda. Kigali ikiwa saa tano na nusu usiku, Januari 31, Dar es Salaam ni saa sita na nusu, Februari 1. Seva ikiwa Dar es Salaam, mauzo ya mwisho ya Kigali yanaingia mwezi usio wake, na kodi yake ya ongezeko la thamani, VAT, nayo. Sudan Kusini ilihama saa tarehe 1 Februari 2021, kwa hiyo hata saa huhitaji kumbukumbu.

13. Je, wajua kwamba meneja wa kodi wa kanda hana wiki ya kupumzika? Kodi ya mishahara, maarufu PAYE, hulipwa Tanzania kufikia tarehe 7 ya mwezi unaofuata, Kenya tarehe 9, Uganda na Rwanda tarehe 15. VAT ni tarehe 15 kwa Uganda na Rwanda, na tarehe 20 kwa Kenya na Tanzania. Mfumo unaofunga mwezi mara moja kwa matawi yote, tarehe 10, tayari umechelewa nchi mbili.

14. Je, wajua kwamba 03/04/2025 ni siku mbili? Kwetu ni Aprili 3, kwa Mmarekani ni Machi 4. Programu iliyotoka Marekani na kusahauliwa kwenye mipangilio yake ya kiwandani itakubali tarehe hiyo bila kulalamika, na itagoma tu siku ikifika 13. Ndiyo maana makosa haya hugunduliwa katikati ya mwezi. Andika 2025-04-03, mwaka ukitangulia, na ubishi unaisha.

KODI

15. Je, wajua kwamba kiwango cha kawaida cha VAT ni asilimia 16 Kenya na Kongo, na asilimia 18 Tanzania Bara, Uganda, Rwanda na Burundi? Zanzibar ina sheria yake ya VAT, inayosimamiwa na Mamlaka ya Mapato Zanzibar, ZRA. Kampuni yenye duka Kariakoo na lingine Darajani iko nchi moja, lakini mfumo wake unahitaji ofisi mbili za VAT.

16. Je, wajua kwamba kiwango cha kodi kinahitaji tarehe ya kuzaliwa na ya kufa? Kenya ilishusha VAT hadi asilimia 14 kuanzia Aprili 1, 2020, na kuirudisha 16 Januari 1, 2021. Mteja aliyerudisha bidhaa Februari 2021 aliyoinunua Novemba 2020 alistahili kurejeshewa kodi ya 14. Mifumo iliyokuwa imefuta kiwango cha zamani na kuandika kipya juu yake haikujua hilo.

17. Je, wajua kwamba ankara ya leo haiwi ankara mpaka serikali iione? Kenya ilianza na mashine za ETR mwaka 2005, na kuleta eTIMS mwaka 2023. Tanzania ilileta EFD mwaka 2010. Rwanda ilikuja na EBM mwaka 2013. Uganda ililazimisha EFRIS kwa walipa VAT kuanzia Januari 1, 2021. Mifumo minne, kila mmoja na njia yake ya kuunganishwa na programu yako. Muuzaji akisema "tunaunganisha na mamlaka za kodi za Afrika Mashariki", muulize: ipi kati ya hizo, na nani anaitumia sasa hivi?

18. Je, wajua kwamba risiti nzuri inaweza kukuongezea kodi? Kenya, kuanzia Januari 1, 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS kwa kawaida haikubaliwi kupunguza faida inayotozwa kodi, isipokuwa zile zilizosamehewa. Fundi aliyekupa risiti ya kitabu, hata kwa mhuri na saini, amekuachia mzigo. Mfumo uwe na mahali pa kuandika namba ya ankara hiyo, na ukatae malipo bila hiyo.

19. Je, wajua kwamba namba ya mlipa kodi si lazima iwe namba tupu? TIN ya Tanzania ni tarakimu tisa. Ya Uganda ni kumi. PIN ya Kenya ni herufi, tarakimu tisa, kisha herufi: kampuni huanza na P, mtu binafsi na A. Sehemu ya kujaza iliyofungwa kwa tarakimu peke yake itamkataa kila msambazaji kutoka Kenya. Kosa hili ni dogo, lakini linatosha kusimamisha malipo ya siku nzima.

20. Je, wajua kwamba Namanga lori husimama kituo kimoja, lakini kodi ina sura mbili? Kituo cha pamoja cha mpaka kilizinduliwa rasmi Desemba 2018. Muuzaji wa Kenya anauza nje kwa VAT ya asilimia sifuri, mradi ana hati za forodha. Mwagizaji wa Tanzania analipa asilimia 18 kwenye thamani ya forodha. Mfumo ukiandika "haina VAT" badala ya "VAT sifuri", muuzaji anapoteza haki ya kudai kodi aliyolipa kwenye manunuzi yake. Sifuri na kutokuwepo ni vitu viwili.

21. Je, wajua kwamba bei kati ya ndugu hukaguliwa kuliko bei kati ya wageni? Unilever Kenya ilitengeneza bidhaa na kuiuzia Unilever Uganda. Mamlaka ya Mapato ya Kenya ikasema bei ilikuwa ya chini mno kwa miaka ya 1995 na 1996. Mahakama Kuu iliipa kampuni ushindi mwaka 2005, kwa kuwa Kenya haikuwa na kanuni zake na miongozo ya kimataifa ya OECD ilikubalika. Mwaka uliofuata Kenya ikatunga kanuni za bei za uhamishaji. Leo mfumo wako unapaswa kutunza sio bei tu, bali na hesabu iliyozaa bei hiyo.

22. Je, wajua kwamba nchi za Jumuiya zilisaini mkataba wa kuepuka kutoza kodi mara mbili mwaka 2010? Haukuanza kutumika, kwa sababu si zote zilizouridhia. Kwa hiyo kodi ya zuio kwenye ada za usimamizi zinazovuka mpaka inapaswa kupangwa nchi kwa nchi, na hati ya kila makato itunzwe.

MISHAHARA

23. Je, wajua kwamba mfanyakazi mwenye cheo kile kile hukatwa kwa namna tofauti kila upande? Kiwango cha juu cha PAYE ni asilimia 30 Tanzania, 35 Kenya na 40 Uganda. Hifadhi ya jamii Uganda ni asilimia 5 kwa mfanyakazi na 10 kwa mwajiri. Kenya kuna asilimia 2.75 ya bima ya afya ya SHIF tangu Oktoba 2024, pamoja na asilimia 1.5 ya nyumba kwa mfanyakazi na 1.5 kwa mwajiri. Tanzania kuna tozo ya ujuzi, SDL, ambayo mwajiri hulipa mwenyewe bila kumgusa mfanyakazi. Fomula moja ya mshahara kwa nchi zote haipo.

24. Je, wajua kwamba hati ya mshahara ikivuka mpaka ina sheria yake? Kenya na Uganda zilitunga sheria za ulinzi wa data binafsi mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Kabla ya kuhamishia mishahara ya Mwanza kwenye seva ya ng'ambo, mwanasheria aulizwe kwanza, fundi baadaye.

TARAKIMU NA MAJINA

25. Je, wajua kwamba nukta na koma hubadilishana kazi? Mhasibu wa Bujumbura au Kinshasa aliyesoma kwa Kifaransa huandika 1 250,75 pale wa Nairobi anapoandika 1,250.75. Faili la benki likitoka kompyuta ya kwanza kwenda ya pili, koma hugeuka kuwa mpaka wa safu, na malipo moja yanakuwa mawili: 1 250 na 75. Fungua faili la majaribio kabla ya kusaini chochote.

26. Je, wajua kwamba programu huzaliwa na uraia? SAP ilianzishwa Ujerumani mwaka 1972 na wahandisi watano waliotoka IBM. Sage ilianza Newcastle, Uingereza, mwaka 1981. Tally, inayopatikana kwenye maduka mengi ya Mombasa na Dar es Salaam, ni ya India, mwaka 1986. Odoo ni ya Ubelgiji. Kila moja imebeba desturi za kwao: laki moja ya India huandikwa 1,00,000, na mkaguzi wa Dodoma anaweza kudhani ni kosa la uchapaji.

27. Je, wajua kwamba kuna nchi ambako namba ya akaunti imewekwa na sheria? Kongo iliingia OHADA, umoja wa sheria za biashara wenye nchi 17, mwaka 2012. Huko daraja la 4 ni wadai na wadaiwa, la 6 gharama, la 7 mapato. Wasambazaji ni 401, wateja ni 411, benki ni 521. Kenya na Tanzania kampuni hujipangia yenyewe. Usiibadilishe orodha ya Kongo ifanane na ya Nairobi. Weka jedwali la kuoanisha, kila upande ubaki na namba zake.

28. Je, wajua kwamba Kenya ilianza kutumia viwango vya kimataifa vya uhasibu, IFRS, mwaka 1999 na Tanzania mwaka 2004? Kwa hiyo hesabu za kundi za Nairobi na Dar es Salaam huzungumza lugha moja. Za Lubumbashi zinahitaji marekebisho kabla ya kujumuishwa, na marekebisho hayo yaandikwe ndani ya mfumo, si kwenye faili la mtu mmoja atakayehama kazi.

WALIOTUTANGULIA

29. Je, wajua kwamba mojawapo ya leja kongwe zaidi za debiti na krediti zilizosalia ni ya kampuni iliyovuka mpaka? Ni ya wafanyabiashara wa Florence waliokuwa na tawi Salon, Provence, ambako leo ni Ufaransa. Amatino Manucci aliiandika mwaka 1299 na 1300. Uhasibu huu ulikua mikononi mwa watu waliokuwa mbali na mwenye mali.

30. Je, wajua kwamba benki ya Medici ya Florence iliyoanzishwa 1397 iliyataka matawi yake, ya Bruges na London yakiwemo, yatume mizania kila mwaka? Makao makuu yalizipitia, yakitafuta hasa madeni yasiyolipika. Benki ilianguka mwaka 1494, mwaka ule ule Luca Pacioli alipochapisha Venice maelezo ya uhasibu wa debiti na krediti.

31. Je, wajua kwamba kompyuta ya kwanza ya kazi za ofisi ilihudumia mikahawa ya chai? LEO ilijengwa na kampuni ya J. Lyons ya Uingereza, na Novemba 1951 ilianza kukokotoa gharama za mikate na keki.

WALIOJIKWAA

32. Je, wajua kwamba Lidl ya Ujerumani, yenye maduka nchi nyingi, iliachana na mradi wa SAP mwaka 2018 baada ya miaka saba na gharama iliyoripotiwa kufikia yuro milioni 500? Chanzo kimoja kilichotajwa sana: Lidl ilizoea kuthamini mali ya ghalani kwa bei ya kununulia, programu kwa bei ya kuuzia. Kampuni haikukubali kubadilika, programu ikakarabatiwa hadi ikachoka. Swali la uhasibu la aya moja lingeulizwa mapema.

33. Je, wajua kwamba Hershey ya Marekani ilishindwa kupeleka oda za peremende za takriban dola milioni 100 mwaka 1999? Ilikuwa imewasha mifumo mipya mwezi Julai, msimu wa Halloween ukikaribia. Peremende zilikuwepo, mfumo haukuweza kuzitoa. Usihamie mfumo mpya Desemba ukiwa muuza nguo, wala Juni ukiwa Uganda.

34. Je, wajua kwamba programu ya hesabu imewahi kupeleka watu jela bila hatia? Shirika la Posta la Uingereza lilitumia mfumo wa Horizon, ulioonyesha upungufu wa fedha ambao haukuwepo. Kati ya 1999 na 2015, zaidi ya wasimamizi 900 wa posta ndogo walitiwa hatiani. Mwaka 2024 Bunge lilipitisha sheria ya kufuta hukumu. Mhasibu wa tawi akisema "mfumo umekosea", chunguza kabla ya kumwandikia barua ya onyo.

SIKU YA KUHAMIA

35. Je, wajua kwamba urari ukisawazika haimaanishi umehama salama? Debiti na krediti zinaweza kulingana huku wateja wa Kampala wameingia kwenye daftari la Kigali. Linganisha mteja kwa mteja, benki kwa benki, na ghala kwa ghala. Kisha endesha mfumo wa zamani na mpya sambamba, angalau mwezi mmoja mzima hadi kufunga hesabu.

36. Je, wajua kwamba pesa za simu ndizo huchelewesha zaidi ulinganishaji? M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, na kila muamala wake una msimbo wa herufi na tarakimu 10. Msimbo huo ukiingia kwenye mfumo pamoja na jina la mteja, malipo elfu moja hujioanisha yenyewe. Usipoingia, kuna binti mmoja ofisini anayeyapitia kwa kalamu. Na kila mtandao, kila nchi, una taarifa yake ya mpangilio wake.

37. Je, wajua kwamba deni kati ya matawi lazima liandikwe pande zote mbili siku moja? Nairobi ikiandika kuwa inaidai Kampala milioni tano, na Kampala ikaandika milioni nne na nusu wiki mbili baadaye, hesabu za kundi haziwezi kufutana. Mfumo mzuri huandika upande wa pili wenyewe na kumtaka mhasibu wa huko athibitishe.

38. Je, wajua kwamba kiwango kipya, IFRS 18, kinaanza kutumika Januari 1, 2027 mahali pa IAS 1? Mapato na gharama yatagawanywa katika shughuli za uendeshaji, uwekezaji na ugharamiaji, na takwimu za 2026 zitatakiwa kwa ulinganisho. Anayenunua programu leo aulize swali hili leo.

39. Na mwisho, je, wajua maswali ya kumuuliza muuzaji? Nionyeshe ankara ya eTIMS, ya EFD na ya EFRIS zikitoka kwenye programu hii. Nifungie Januari ya Rwanda huku ya Kenya ikibaki wazi. Nibadilishie rial ya Oman yenye tarakimu tatu. Nitolee mizania ya Lubumbashi kwa namba za OHADA na ya kundi kwa IFRS. Nani atapokea simu tarehe 19 usiku VAT ikigoma kwenda? Yaulize mbele ya wahasibu wa kila tawi, maana wao ndio watakaoishi na majibu. Asiyeweza kuyajibu kwa vitendo, usimlipe hata malipo ya awali.